Mama Wakwe Watatu Kando ya Ziwa

Paukwa!

Pakawa!

Haya, na wewe unayesinzia hapo, sogea. Hapo zamani za kale, juu kabisa milimani, palikuwa na ziwa, na kando yake kijia chembamba: huku jabali, huku maji.

Nungunungu alimpenda Nakiete, binti Pimbi wa ng'ambo ya ziwa. Alimpenda hata kula hali. Mzee Pimbi akamwambia, "Leta kapu la unga wa ulezi, mkavu, kabla jua halijafika utosini. Usipoleta, namwoza Kicheche."

Nungunungu akajitwika kapu. Tepe, tepe, tepe. Mara akamwona mama yake Nakiete anakuja, anakwenda kuokota kuni. Masikini! Mnajua wenyewe, mama mkwe hupishwa, mtu akasimama pembeni, macho chini. Sasa pembeni iko wapi? Na wakibanana, miiba itamchoma mama wa watu. Nungunungu akajitosa ziwani, chubwi!

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba. Unaoga?"

"Naoga, mama."

Unga ukalowa. Akatoka, akaenda. Tepe, tepe, tepe. Huyo mama mkubwa wa Nakiete! Naye ni mkwe. Chubwi!

"Marahaba, baba. Unaoga?"

"Naoga, mama."

Unga ukawa uji. Tepe, tepe, tepe. Huyo mama mdogo! Chubwi! Uji wote wakanywa samaki.

Akafika anatetemeka, kapu tupu. Kicheche, aliyetangulia kwa kijia kile kile, akacheka mpaka akagaagaa.

"Unga uko wapi?" akauliza Mzee Pimbi.

"Umelowa, mzee."

"Basi Nakiete ni wa Kicheche."

Nungunungu akalia, akalia kweli kweli.

Mara wale mama wakarudi na kuni. "Kijana huyu anapenda kuoga!" akasema wa kwanza.

"Hata mimi nimemkuta anaoga."

"Na mimi!"

Nakiete akashika kiuno. "Mama zangu, alikuwa anawapisha! Na wewe Kicheche, uliwapishaje?"

"Mimi? Nilipenya katikati ya miguu yao."

"Kumbe ni wewe uliyeniangusha!" akafoka mama mdogo, akachomoa ukuni mmoja. Kicheche hajaonekana tena huko.

"Unga tutasaga wenyewe," akasema mama yake Nakiete. "Mkwe tumempata."

Harusi ikafanyika. Kisha mama wale wakachonga jabali mahali patatu, mkwe apate pa kusimama. Wapanda milima wa leo huketi humo, wakidhani pamechongwa ili watazame ziwa. Waacheni watazame.

Hadithi yangu imekomea hapo hapo, jabalini.