Chepe Apata wa Kucheza Naye

"Paukwa?"
"Pakawa!"
"Pakawa nani?"
"Pakawa pimbi na mwanawe!"

Haya, sogeeni. Na wewe uliyekaa kwenye moshi hamia huku, utalia kabla hadithi haijaanza.

Hapo kale, mawe yalipokuwa bado yanasikia, Mama Pimbi alihamia mlima wa ugenini na mwanawe Chepe. Tangu wahame, Chepe hakucheka. Kutwa kaganda ubavuni mwa mama yake. Mama Pimbi akawa anajiuliza: hivi kicheko cha mtoto huwa kinakwenda wapi? Akaogopa kisije kikapotea moja kwa moja.

Akaenda mtini kwa jirani yake, Mama Kindi. "Hodi! Niletee mwanao acheze na wangu."

"Karibu. Kesho tutafika."

Kesho yake Mama Pimbi akatandika mkeka mpya. Akapika viazi, akapika kunde, akapika ndizi. Kindi mdogo akaamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa ule. Mgeni hachezi na njaa." Akala. "Ongeza." Akaongeza. "Ongeza tena, usinitie aibu!" Maskini, tumbo likawa kama ngoma, Kindi akalala fofofo mpaka jioni. Chepe akabaki kumkodolea macho.

Mara ya pili Mama Pimbi hakupika. Akakaa katikati yao kama hakimu. "Chepe, mpishe mgeni! Chepe, mpe mgeni!" Sasa, Chepe alikuwa na mwanasesere wake wa gunzi, analala naye, anaamka naye. Mama akamnyang'anya, akampa Kindi. Weee! Chepe akamng'ata Kindi sikio. Ikawa kilio huku, kilio huku.

Mama Pimbi aliona haya, lakini hamu ya kujua ikamzidi. Akarudi mtini. "Mwenzangu, nisamehe sikio la mtoto. Kwani wako huchezaje?"

"Hata sijui," akajibu Mama Kindi. "Tukawatazame. Lakini huyo mwanasesere mfiche, na wewe ukae na mimi."

Mara ya tatu mama wawili wakaketi kando, wanamenya kunde. Watoto wakatazamana.

"Hawachezi! Niwasaidie?"
"Kaa."
"Niwape viazi?"
"Kaa!"
"Niwaimbie basi?"
"Mwenzangu, kaa!"

Chepe akasukuma kijiwe. Kikabingirika, ti! ti! ti! Kindi akakikimbilia, akateleza, chubwi kwenye dimbwi! Akaibuka na matope mpaka kwenye kope. Chepe akamtazama, akamtazama, kwa-kwa-kwa! Akacheka! Kindi naye akacheka. Wakasukuma kingine, na kingine. Mama Pimbi machozi yakamtoka kwa furaha, kunde zote zikamwagika.

Mchezo ulipokolea, Mama Kindi akasimama. "Mwanangu, twende."

Chepe akaangua kilio, akajigaragaza chini.

"Ona sasa, nimeharibu tena!" akasema Mama Pimbi.

"Umeharibu nini? Anamlilia mwenzake. Ulishawahi kumwona akimlilia mtu hapa?"

Mama Pimbi akafikiri. Hakuwahi. Akamwacha mwanawe alie mpaka akatosheka.

Hadithi yangu imechoka, imeketi juu ya jiwe. Funzo ni hili: ukiwakutanisha watoto, kaa karibu, lakini mikono yako ibaki kwako, na mchezo ukatwe ungali mtamu. Na wewe mama mwenye sufuria hapo nyuma, unaowaalika ni watoto, si wachimba visima!