Siku Winchi Iliponyamaza

Gia ikinyamaza, usiseme imepona.

Mmeisikia jana pale zahanati, muuguzi akimwambia yule mama aliyekuwa anafunga mbeleko arudi nyumbani. Mtoto wake alikuwa na homa, amelia mpaka sauti imekauka, kisha akatulia tuli, mama akafurahi. Muuguzi akamwambia, "Mama, kaa chini kwanza. Gia ikinyamaza, usiseme imepona." Nyinyi mkacheka. Njiani mkaniuliza, babu, gia na mtoto wapi na wapi?

Haya, kaeni. Methali nyingi wamezisema watu wa kale ambao hakuna aliyewaona. Hii mimi nilikuwepo ilipozaliwa, na laiti isingezaliwa.

Ilizaliwa Kwemshindo, kwenye shamba la chai. Siku hizi pale pana msitu tu, mti wa chai ukiachwa unakuwa mti kama mingine. Shamba lilikuwa bondeni na kiwanda kilikuwa juu mlimani. Aliyepanga hivyo hakuwa mtu wa kubeba tenga. Kwa hiyo toka bondeni mpaka kiwandani palitandikwa reli mbili zinazopanda kama ngazi, na juu yake toroli la chuma, likivutwa na waya mnene uliozungushwa kwenye pipa la winchi. Winchi ilikaa juu, ubavuni mwa kiwanda. Injini inazungusha gia, gia zinazungusha pipa, pipa linavuta waya, toroli linapanda na magunia ya majani mabichi. Na juu ya magunia hupanda wachumaji, wale kina mama, maana meneja alitaka wapime majani yao upesi na kushuka tena kuchuma kabla jua halijawa kali.

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini nimefanya kazi kwenye mashine za kusaga majani ya chai mpaka mikono ikazoea harufu ya oili kuliko ya sabuni, kwa hiyo nitawaeleza jambo moja la chuma. Jino la gia na jino la gia hayapatani. Yakigusana yanalana. Oili ya gia kazi yake ni kukaa katikati, kama mzee wa suluhu, kila mmoja amguse yeye wasigusane wenyewe. Ndiyo maana ni nzito, inavutika kama asali. Oili nyembamba ya injini ukiipeleka pale inakimbia, inawaacha wanalana.

Sasa sikilizeni jinsi wakubwa walivyokuwa. Mashine zetu za ndani zilipewa oili safi na grisi safi, tena tuliwekewa sinia chini ya kila beringi, tone lisidondokee majani. Chai ikinuka oili hainunuliwi. Winchi je? Winchi ilipandisha magunia na wanawake, na mwanamke akinuka oili hakuna soko linalomkataa. Ikawa inapewa masalia, ile oili nyeusi iliyomwagwa kutoka kwenye malori, imekwisha kazi, imejaa masizi.

Basi winchi ikawa inalia. Si kulia kidogo. Ilipovuta mzigo ilitoa mlio mwembamba, mrefu, unakwaruza mpaka kwenye meno ya mtu, na bonde zima linasikia. Kina mama wakaipa jina, wakaiita Mke Mwenza.

"Mke Mwenza kaamka na kisirani leo," Mgeni atasema, wakiwa chini wanapakia magunia. Mgeni alikuwa shoga yake mke wangu, mwanamke mnene, mcheshi, ulimi wake haujui kulala. "Sijui jana bwana kalala kwa nani!"

Wanacheka. Lakini chini ya kicheko walikuwa na sheria yao, hakuna aliyeiandika. Mke Mwenza akinung'unika kawaida, wanapanda. Akipiga ukelele, wanapakia magunia tu, wao wanashika njia ya miguu, wanapanda mlima kwa magoti yao. Mlio ndio ulikuwa unawaambia leo panda, leo usipande.

Mke wangu Zahabu ndiye alikuwa mkali wa sheria hiyo kupita wote. Yeye magoti yalikuwa yanamsumbua tangu alipomzaa Nuru, jioni alikuwa akiyakanda kwa maji ya moto na kusaga meno. Hata hivyo akisikia ukelele hapandi. Nikimwambia, "Mama Nuru, utakuja kuvunjika kwenye hiyo njia ya miguu," ananijibu, "Baba Nuru, mimi sipandi mgongo wa mtu anayelia. Anayelia ana lake."

Ikafika majira ya mvua kubwa, majani yanachipua kila mahali, na winchi ikawa inapiga ukelele kila siku. Kina mama wote wakawa wanatembea. Wanafika juu wamechoka, wanapima, wanashuka polepole, na chini majani yanakomaa hayana wa kuyachuma. Meneja Lukindo akawaka.

Huyo Lukindo alikuwa kijana msafi, kaletwa kutoka makao makuu, viatu vyake havijawahi kujua tope. Siku hiyo nilikuwa nazoa majani yaliyomwagika karibu na mzani, nikamsikia akiongea na fundi wa winchi, Singano.

"Fundi, hawa wanawake kwa nini hawapandi toroli?"

"Wanaogopa mlio, bosi."

"Basi ondoa mlio."

"Bosi, meno ya gia yamekwisha. Yamekuwa membamba kama makali ya panga. Nilishaomba gia nyingine, nikaomba na oili yake ile nzito..."

"Singano, mimi daktari wa meno?" Wale makarani waliokuwa naye wakacheka, ndiyo kazi iliyowaweka pale. "Nimekuuliza habari za meno? Nimesema mlio. Jumatatu nataka kimya, na nataka wanawake wawe juu ya toroli. Kama huwezi, sema, wapo wengi wanaoweza."

Singano akaangalia chini. Alikuwa na watoto wengi na nyumba ya kampuni. Akasema, "Nitajaribu, bosi."

Jumatatu asubuhi kulikuwa na ukungu. Injini ikawashwa, toroli la kwanza likapanda na magunia, na hatukusikia kitu. Wallahi, hata mimi nilitoka nje kuangalia kama waya unatembea. Unatembea. Toroli linapanda kama linateleza kwenye maziwa. Bonde likawa kimya mpaka ukasikia ndege, na maji ya mto kule chini, ambayo tulikuwa tumesahau kwamba yana sauti.

Chini kina mama walipiga vigelegele. Mgeni akajifunga kibwebwe, akacheza palepale kwenye tope. "Mke Mwenza kapewa talaka!" akapiga kelele. "Au kapata mimba, jamani, katulia!"

Siku ile na ya pili yake Zahabu hakupanda. Alitembea, akawa anasikiliza. Usiku wa pili magoti yalivimba hata kuyakunja akashindwa. Asubuhi yake akajifunga khanga, akajinyoosha, akaniambia, "Baba Nuru, leo magoti yangu yako likizo."

"Umemsamehe Mke Mwenza?"

"Halii tena. Asiyelia hana neno." Akacheka. Alikuwa na pengo hapa pembeni, akicheka analifunika kwa ulimi. "Unipokee huko juu kama bibi harusi. Usilete mikono yako ya oili."

Saa ya kupima mzigo wa kwanza nikatoka nje kumpokea. Nimeosha mikono. Toroli likatokeza kwenye ukungu, magunia yamerundikwa, wanawake wamekaa juu, yeye ameketi mbele pamoja na Mgeni. Waliniona. Mgeni akamtia kiwiko, akasema kitu, wakacheka wote. Lilikuwa limebaki kidogo sana kufika, mtu angeweza kurusha tenga likadakwa.

Kisha kwenye kibanda cha winchi pakalia, ko! Kama gogo kavu likipasuliwa. Mara moja tu.

Toroli likasimama. Likasimama kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Halafu likaanza kurudi.

Mshika breki alivuta breki kwa nguvu zake zote, mtu asimlaumu. Breki ilikuwa upande wa injini. Kati ya injini na pipa ni gia, na meno ya gia yalikuwa yamekatika, kwa hiyo alishika injini ambayo haikushika kitu. Pipa likazunguka lenyewe, waya ukafunguka, toroli likaongeza mwendo, likaingia kwenye ukungu lilikotoka. Sikusikia mtu akilia. Labda walilia. Nilisikia tu pale chini lilipofika.

Tulimzika Zahabu na wenzake wawili siku moja. Mgeni alirushwa nje kabla ya mwisho, akavunjika mguu na nyonga, akaishi.

Jioni ya siku ile ya ajali nilirudi kwenye winchi. Sijui nilitaka nini. Kasha la gia lilikuwa limepasuka, na kilichomwagika sakafuni hakikuwa oili. Kilikuwa kitu kama pumba zilizokandwa na mafuta, kinene, kina vipande vya meno ya chuma ndani yake. Singano alikuwa amechuchumaa mbele yake.

"Hii nini, fundi?"

"Vumbi la mbao." Hakuniangalia. "Vumbi la mbao na grisi. Wauza magari mabovu ndio hufanya hivyo. Linazingira meno, gia inanyamaza, mnunuzi anafurahi. Lakini linakunywa oili yote, meno yanabaki makavu, yanalana kimyakimya."

Nilimwinua kwa ukosi wa shati. Akasema, "Nipige. Niliambiwa niondoe mlio, kaka. Niliondoa mlio."

Sikumpiga. Nguvu sikuwa nazo. Na tangu hapo nimewaza sana, nikaona kwamba yeye alitia vumbi kwenye gia, lakini aliyetaka kimya ni mwingine.

Siku ya tatu ya matanga Meneja Lukindo alikuja. Alileta mchele, sukari, na majani ya chai. Chai yetu wenyewe. Wanaume tulikaa nje kwenye mikeka, wanawake wako ndani, na Mgeni alikuwa amelazwa barazani kwa sababu mguu wake umefungwa vijiti na hapiti mlangoni. Tangu ajali Mgeni alikuwa hajasema neno. Yeye, Mgeni! Watu walimlisha uji kama mtoto, anameza, anatazama paa.

Lukindo akasimama. Akasema ni amri ya Mungu. Akasema kampuni imesikitika, na fundi ameshakamatwa, sheria itachukua mkondo wake. Akatutazama. Hakuna aliyejibu, hakuna aliyekohoa. Nadhani alikuja akitegemea matusi, labda mawe. Alipoona kimya, uso wake ukalegea, akapata na tabasamu dogo.

"Kwa kweli nawashukuru," akasema. "Nilihofia sana. Lakini naona watu mmetulia, hakuna maneno. Huo ndio uungwana. Basi kesho, Mungu akipenda, kazi iendelee."

Hapo sauti ikatoka barazani. Ilikuwa ndogo, imekwaruza, wengi hawakuijua ni ya nani.

"Bwana Meneja."

Lukindo akageuka. "Naam, mama. Pole sana, mama."

"Gia ikinyamaza," Mgeni akasema, "usiseme imepona."

Yule bwana alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayepokea dua asiyoielewa. Akaniuliza mimi, mfiwa, "Anasema nini?" Akaniuliza tena. Mkeka mzima ulikuwa unamtazama, watu wote, bila kelele, na hapo nikaona maana inamwingia. Alipoondoka alikuwa anatembea haraka na alisahau kofia yake kwenye mkeka.

Kesho yake king'ora cha kazi kililia. Hakuna aliyeshuka bondeni. Kikalia tena mchana. Chai ikakomaa mitini. Wakaja askari, wakatutoa kwenye nyumba za kampuni, vyombo vyetu vikakaa mvuani. Nyinyi mnapenda hadithi ambazo mnyonge anashinda, lakini sisi hatukushinda. Shamba lilikufa, nasi tukatawanyika kila mtu na njia yake. Singano alifungwa, akatoka amekuwa mzee. Lukindo alihamishiwa shamba lingine, kubwa zaidi ya lile. Ndivyo wanavyoadhibiwa wao.

Neno la Mgeni ndilo pekee tuliloondoka nalo. Wachumaji walilibeba walikokwenda, wenzao wakalidaka bila kujua lina kaburi ndani yake, mpaka jana nalisikia kwa muuguzi ambaye wakati ule alikuwa hajazaliwa. Alilisema mahali pake, mtoto yule alirudishwa kitandani.

Kwa hiyo msiniulize tena gia na mtoto wapi na wapi. Mtoto, mke, mgonjwa, mfanyakazi, kijiji kizima, anayelia bado anawaambia kitu. Na siku mtakapomsikia mkubwa anajisifu kwamba watu wake wametulia, msipige makofi. Muulizeni kwanza amewatia nini.

Gia ikinyamaza, usiseme imepona.