Kwa Nini Chemchemi ya Kisawiro Huitwa Jina Kabla ya Kuchotwa

Apeni kwanza kwamba neno hili halitatoka hapa. Mmeapa? Haya, sogeeni. Mimi nami niliapa vivyo hivyo, na nusu ya mlima wameshalisikia kwangu.

Hapo kale maji ya Kisawiro yalichotwa tu, huulizi wala huombi. Kisha akaja mtemi Kalaghe na mikuki yake. Akawafukuza wenyeji hadi bondeni kwenye mbung'o, akawaweka watu wake katika nyumba ambazo majivu ya mekoni yalikuwa bado ya moto. Mlima akauita Kwa Kalaghe. Atakayetamka jina la zamani la Kisawiro, akasema, atatupwa chini gengeni. Na alitupwa mzee mmoja aliyelitaja usingizini.

Ndipo chemchemi ikaanza kutisha. Ukiisogelea na mtungi, maji yalirudi chini ya jiwe kama konokono aliyeguswa, yakaguna humo gizani.

Naetwe alikuwa mwenyeji, aliyebakizwa ili amtwangie mtemi nafaka. Mwanawe mchanga alikauka midomo, hata kulia hawezi tena.

"Shoga," jirani yake Nakijwa alimnong'oneza, "sisi tunalamba umande, na kwa mtemi wanaogesha mpaka mbuzi! Hayo maji anayatema?"

Naetwe hakucheka. Alfajiri alimfunga mtoto mgongoni, akajificha kwenye matete ya chemchemi, walau aambulie matone ya mtemi. Akamwona Kalaghe akija peke yake na mtungi, kila hatua anageuka nyuma. Akapiga magoti, akaingiza uso chini ya jiwe.

"Kisawiro," akabembeleza. "Ee Kisawiro, njoo."

Maji yakapanda.

Naetwe akawaza. Akipiga yowe atajulikana alipo, na genge li pale pale. Mara shingo ya mtoto ikalegea begani mwake. Akapiga yowe.

Yowe likilia hakuna abakiye ndani. Walimiminika wote, wenye mikuki na wenye watoto, wakaifikia chemchemi mtemi hajainuka bado.

Na tangu siku hiyo, achotaye pale huinama kwanza, akaliita jina kwa sauti, mbele ya yeyote. Nani angemkataza? Kalaghe walimkuta vile vile: magoti topeni, mtungi unafurika, na jina la watu aliowafukuza bado limo mdomoni mwake.