Mzinga Mmoja na Makala Nne Zilizopotea

"Mzinga ni wangu," alisema Kashindye, "na asiyekubali aniambie usoni."

"Nakuambia usoni," akajibu Nyamizi. "Ni wangu."

Mama Milembe alikuwa anafunga katoni za asali. Hakuinua kichwa. "Mkimaliza, nisaidieni kuubeba hadi kwangu."

Mzinga wenyewe ulikuwa mmoja, wa mbao, una nyuki ndani na malkia wao. Huwezi kuukata mapande matatu ukabaki na kitu.

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni msimu wa asali uliopita, chama cha wafugaji nyuki cha kijiji kimoja upande wa Tabora kilikuwa na blogu. Mwanachama akijua jambo, anaandika. Wenzake wanasoma kwenye simu. Makala zilikuwa arobaini, kumi kila ukurasa, mpya zikitangulia. Blogu hiyo aliitengeneza Kashindye, fundi simu, aliyejifunza kompyuta peke yake kwa kuharibu na kurekebisha. Cheti hakuwa nacho, na ukimuuliza cheti anakasirika. Mzinga pia hakuwa nao, na katika chama hicho asiye na mzinga hapigi kura. Walimwita fundi. Mwanachama hawakumwita.

Siku moja mwenyekiti, Bwana Mihayo, akamwambia, "Fundi, kuna makala nne ambazo kila mfugaji lazima azisome. Ziko nyuma huko, hazionekani. Zifanye teule, zitangulie."

"Hiyo ni kazi ya kikombe kimoja cha chai," akasema Kashindye. Chai haijapoa, makala teule nne zilikuwa juu ya ukurasa wa kwanza. Watu wakasifu.

Mwezi haukuisha, Bwana Mihayo akapoteza mizinga mitatu kwa siafu. Nyamizi, mfugaji mwenzake, akaenda kumpa pole, na pole yake ilikuwa na hasira ndani.

"Mwenyekiti, si niliandika namna ya kuzuia siafu? Miguu ya mzinga kwenye makopo ya oili chafu. Hukusoma?"

"Nilisoma blogu yote, dada. Ukurasa wa kwanza hadi wa nne. Hamna siafu humo."

Nyamizi akaenda kwa Kashindye. Kashindye akafungua kurasa, akahesabu kwa kidole. "Kumi, kumi, kumi, kumi. Arobaini. Hakuna kilichopotea. Labda hukuituma."

Neno hilo Nyamizi hakulikubali. Akachukua daftari, akakaa siku mbili anaandika kichwa cha kila makala, ukurasa kwa ukurasa. Akarudi.

"Arobaini yako ni ya uongo, kaka. Zile teule nne zinaonekana mara mbili: juu ya ukurasa wa kwanza, na tena huko nyuma zilikokuwa. Na makala nne hazionekani popote. Yangu imo."

Kashindye akasoma daftari, masikio yakamchoma. Nne zilipopandishwa, nne za chini zilisukumwa nje ya ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili haukuwa na habari hiyo. Ukaanza na makala ya kumi na moja kama siku zote. Zilizosukumwa hazikuwa na pa kutua.

Bwana Mihayo akasimama mbele ya chama. "Atakayeiponya blogu hii nampa mzinga mmoja, na nyuki wake."

Kashindye akahangaika siku tatu. Akijaza hapa, panapungua pale. Akirekebisha ukurasa wa pili, wa tatu unavurugika. Mwisho akaenda kukaa kwenye ghala la chama, amenuna, Mama Milembe, mpakiaji wa chama, akipakia chupa za asali.

"Una nini, mwanangu?"

"Makala, mama. Nikizitoa nyuma kuzileta mbele, kurasa zote zinaharibika."

Mama Milembe akacheka. "Kwa hiyo wewe unafunga katoni kwanza, halafu unazifumua kutafuta chupa nzuri? Utavunja chupa. Mimi nazipanga zote mezani, mstari mmoja, nzuri mbele. Ndipo nahesabu kumi, nafunga. Kumi, nafunga."

Kashindye akaondoka bila kuaga. Akazipanga makala zote arobaini mstari mmoja, teule mbele, kisha mpya hadi za zamani. Ndipo akakata kumi kumi. Ikabaki kasoro moja ambayo chupa hazina: makala mbili za tarehe moja zilikuwa zikibadilishana nafasi kila ukurasa ukifunguliwa, na iliyo mpakani inapotea tena. Hiyo hakumuuliza mtu. Akapambana nayo siku mbili, akaipa kila makala namba, ili zikilingana tarehe zifuate namba.

Nyamizi akapitia na daftari lake. Arobaini, kila moja mara moja. Ya siafu ilikuwa ya kwanza kwenye ukurasa wa pili.

Hapo ndipo mzozo ulipoanza.

"Mimi niliona," alisema Nyamizi. "Yeye angetengeneza nini, wakati alisema hakuna kilichopotea?"

"Mimi nilimwonyesha njia," alisema Mama Milembe. "Siku tatu amekwama, nikasema maneno ya dakika moja, akakimbia. Hata asante hakuacha."

"Asante naitoa sasa, mama," alisema Kashindye. "Na kosa lilikuwa langu, silifichi. Lakini mwenyekiti hakusema atakayeona, wala atakayeshauri. Alisema atakayeponya. Mikono iliyoponya ni hii."

"Ni hiyo hiyo iliyoharibu," alisema Nyamizi.

Kashindye akakubali kwa kichwa. Neno hilo lilikuwa kweli, na kweli yeye haibishii. Lakini macho hayakutoka kwenye mzinga.

Bwana Mihayo akakuna kidevu mpaka watu wakachoka kumtazama, na uamuzi hakutoa. Mzinga uko uani kwake hadi leo, miguu kwenye makopo ya oili.

Basi nimewasimulia yote, na sikumpendelea mtu. Sasa nawadai jibu, na nalitaka kabla hamjainuka hapo mlipokaa: mzinga aubebe nani?