Kiboko Aliyengoja Moja

Paukwa!
Pakawa!
Sauti gani hiyo, hamjala? Paukwa!
PAKAWA!

Haya. Alikuwepo Kindi, mdogo wa mwili, mkubwa wa mambo. Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikali, naye akatengeneza programu ya simu, Maji Wapi, ya kuwaonyesha wanyama visima vyenye maji. Akaipa namba kama wafanyavyo mafundi: sifuri nukta moja. Sifuri mbele maana yake bado iko jikoni. Na kweli ilikuwa mbichi, ilimpeleka Swala kwenye mzinga wa nyuki!

Kiboko akasikia. Akaja, pu! pu! pu!

"Kindi, nipe programu hiyo! Nataka visima vyote nivitie kufuli."

"Mzee wangu, mtu mzima kama wewe ule kibichi? Siku namba ya mbele ikiwa moja, itakuwa imeiva. Chukua, iwe yako peke yako."

Kiboko akaapa mbele ya wanyama wote: "Kabla ya moja, siigusi!"

Kindi akarekebisha, ta-ta-ta, tingi! Sifuri nukta mbili. Swala akapata maji.
"Bado?" akauliza Kiboko.
"Bado, mzee."
Ta-ta-ta, tingi! Sifuri nukta tatu. Kobe na wanawe wakapata maji.
"Bado?"
"Bado, mzee."

Ikafika sifuri nukta tisa. Swala akalia, "Kindi, tumekwisha! Baada ya hapa ni moja." Kiboko naye akaja na kufuli shingoni, anacheka.

"Leo ndiyo leo!"

Ta-ta-ta, tingi! Sifuri nukta kumi.

"Kumi?" Kiboko akabaki mdomo wazi, na mnaujua ule mdomo. "Moja yangu iko wapi?"

"Baada ya tisa si huja kumi, mzee? Nukta ni ukuta. Wa huku hesabu yao, wa kule hesabu yao. Muulize fundi yeyote."

Kiboko akageuka huku, akageuka kule. Kiapo wote walikisikia. Akaketi kungoja. Kumi na moja, kumi na mbili, ishirini. Dimbwi lake likakauka, ngozi ikapasuka. Swala akamwonea huruma, akafungua simu, akampeleka kisimani. Kiboko akanywa, gubu! gubu! gubu!

"Bado?" akauliza, maji yakimtoka puani.

"Bado, mzee. Wewe kunywa tu."

Leo wako sifuri nukta mia na saba, na hakuna aliyekufa kwa kiu.

Funzo, watoto: kazi ukiianza, imalize upesi. Usiwe mvivu kama Kindi.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, rambeni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko.