Nani wa Kumzika Nabwile

Hapo zamani, zamani ile ambayo ukungu ulishuka milimani alfajiri na kusahau kupanda tena, palikuwa na kijiji kilicholishika Neno kama lilivyoandikwa. Hawakulipunguza, hawakuliongeza, hawakulizungusha. Likisema jiwe, ni jiwe. Likisema maji, ni maji.

Neno linasema ukitaka kusali ingia chumbani ufunge mlango. Basi kila nyumba ilikuwa na kijichumba cha sala chenye mlango wake, hata nyumba ambayo watoto walilala jikoni kwa kukosa nafasi. Neno linasema mkono wa kushoto usijue utoalo mkono wa kulia. Basi mtu akimpelekea jirani kibaba cha unga, alifunga kwanza mkono wa kushoto mgongoni kwa kitambaa. Neno linasema msimwite mtu baba hapa duniani. Basi watoto waliwaita baba zao kwa majina, na mama zao waliwaita mama, na wanaume walivumilia.

Na Neno linasema: waacheni wafu wazike wafu wao.

Hilo ndilo lililokuwa zito. Hakuna aliye hai aliyethubutu kumchimbia mfu kaburi. Waliokufa walivushwa kijito, wakalazwa chini ya miamba ya ng'ambo, wakafunikwa majani, wakaachwa.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka alipopotea Lusweti.

Lusweti alikuwa mpasua mbao. Alikwenda misitu ya mbali, asirudi. Miaka ikapita. Jamaa zake wakafanya kama ilivyo desturi kwa mtu aliyepotea: waling'oa mgomba mzima na kisiki chake, wakauvisha shati lake, wakaulilia, wakaufukia ng'ambo ya kijito, wakanyoa vichwa. Mkewe akaolewa mlima wa pili. Mwalimu Murunga, mzee aliyewasomea Neno, akasimama mbele ya watu wote akatamka, "Lusweti amekufa." Watu wote wakaitika, "Ndiyo."

Asubuhi moja Lusweti akatokea ndani ya ukungu, msumeno begani.

Watu walimkimbilia Murunga. Mzee alifumba macho kitambo, kisha akasema, "Tulitamka kwamba amekufa, tukaitika ndiyo. Neno linasema ndiyo yenu iwe ndiyo."

"Lakini anakohoa, Mwalimu."

"Nasikia anavyokohoa. Ndiyo ni ndiyo."

Lusweti angeweza kucheka akaenda zake. Lakini mama yake alikuwa amefariki juma lile lile, na alikuwa amelala chini ya miamba, majani yakipeperuka juu yake. Lusweti akauliza, "Kama mimi ni mfu, naweza kumzika?" Hakuna aliyemjibu, kwa sababu Neno linakataza kusemezana na wafu. Ila mtu mmoja aliacha jembe kwenye ukingo wa maji. Lusweti akalichukua, akavuka, akamzika mama yake, na hakurudi tena upande wa walio hai.

Tangu siku hiyo ndiye aliyewazika wote. Katikati ya kijito palikuwa na jiwe bapa. Walio hai waliingia majini na machela yao ya mianzi, wakaiweka juu ya jiwe, wakageuka bila kutazama nyuma. Walipokuwa wakipanda mlima kurudi makwao waliusikia mlio wa jembe ukija polepole kutoka kwenye ukungu, kama mtu anayebisha hodi mlango wa mbali. Kwa kuwa sasa ng'ambo ilikuwa ya mfu, hakuna aliyevuka tena. Kila mtu alijua kwamba anayevuka amehesabiwa pamoja na wafu, na wa kwao hawatasema naye tena.

Karibu na kijito hicho aliishi Khaemba, mfuga nyuki, pamoja na mkewe Nabwile na binti yao Nelima. Kwa kuwa nyumba yao ndiyo iliyokuwa ya mwisho, Nabwile ndiye aliyempelekea Lusweti chakula. Alikiweka juu ya jiwe, akarudi ukingoni, akaketi. Halafu akaanza kuzungumza. Hakuzungumza na Lusweti. Alizungumza na mgomba. Ule mgomba uliofukiwa badala yake ulikuwa umechipua, umekuwa shina kubwa lenye watoto wengi, na majani yake yaliinamia maji.

"We mgomba," alisema Nabwile, "jana mbuzi wa Mwalimu kaingia nyumba ya sala, kala kitabu cha nyimbo. Kaanzia nyimbo za Pasaka. Sasa sijui mwaka huu tutafufuka vipi."

Au alisema, "We mgomba, kunde za leo zimezidi chumvi. Usinune. Aliyepika alikuwa anagombana na mumewe."

Wambea walimpelekea Murunga habari. Mzee alilipekua Neno jalada hadi jalada. "Sioni andiko linalomkataza mtu kuzungumza na mgomba," alisema, akafunga kitabu, na wengine walidhani wameona tabasamu.

Hata Khaemba aliona wivu kidogo. "Mama Nelima," alimwambia mkewe, "mgomba unaambiwa mambo ambayo mimi mumeo siambiwi."

"Wewe unakatiza," alijibu Nabwile. "Mgomba haukatizi."

Mvua za masika zilipokuja zilikuja na homa, na homa ikampata Nabwile. Khaemba alimpa asali na majani machungu, akakaa kando yake. Asubuhi moja aliamka akakuta mkono alioushika umekuwa mzito kwa namna nyingine. Alimwosha mwenyewe. Alimvika mwenyewe sanda. Alifanya kila jambo polepole, kama mtu anayeogopa kufika mwisho wa kazi.

Walimbeba hadi kijitoni. Khaemba alishika machela mbele, majirani wakashika nyuma. Ukungu ulikuwa mzito hata watu walionekana kama wanatembea ndani ya maziwa. Walipofika kwenye jiwe bapa, majirani waliteremsha upande wao. Khaemba hakuteremsha wake.

"Weka, ndugu yangu," alisema Murunga kwa upole.

"Siweki."

"Khaemba."

"Huyu halali chali, Mwalimu. Tangu nimemwoa analala ubavu wa kushoto, goti moja limekunjwa, mkono chini ya shavu. Akilala chali anaota vibaya, anaamka analia. Ng'ambo ile nani anajua hilo? Nataka kumlaza mimi mwenyewe."

"Wewe u hai."

"Siku ya ndoa yetu ulitusomea nini? Ulisoma kwamba hawa si wawili tena, ni mwili mmoja. Hukusema ni kama mwili mmoja."

"Sikusema kama."

"Basi mwili mmoja haufi nusu. Ukitamka kwamba Nabwile amekufa, umetamka kwamba nami nimekufa. Mfu anaomba kumzika mfu wake. Niache nivuke."

Watu walinong'ona. Murunga aliingia majini mpaka magotini. "Ukivuka hurudi," alisema. "Nelima hatasema nawe tena. Mtaonana kwa mbali kama watu wanaoonana ndotoni."

"Najua," alisema Khaemba, na hakumtazama binti yake, kwa sababu angemtazama asingeweza kulirudia neno hilo.

Hapo ukungu wa ng'ambo ukagawanyika kidogo. Lusweti alikuwa amesimama kando ya mgomba, jembe mkononi.

"Khaemba, niachie huyu," alisema.

Watu wote waligeuza nyuso zao pembeni, lakini masikio hayageuzwi.

"Nimewazika watu wenu wote," alisema Lusweti. "Sikumchagua hata mmoja. Huyu tu ndiye ninayemwomba. Kila siku alizungumza na mgomba huu, nami nilikaa nyuma ya shina nikisikiliza. Sikumjibu hata mara moja. Ningemjibu, mngesema anasemezana na mfu, mkamkataza kuja. Kwa hiyo niliziba mdomo. Ile habari ya mbuzi, nilicheka nimeuma shati. Majibu yote ninayo, nimeyatunza. Niacheni nimlaze, nimjibu. Na jambo jingine: mfu wenu ni mimi. Mlitamka, mkaitika ndiyo. Kama leo mwingine anaweza kuzika, basi mimi mliniua kwa ajili ya nini?"

Khaemba alisikia maneno hayo yakimwingia mahali ambapo hakupategemea. Hakuweza kumjibu mfu. Akaugeukia mgomba, kama alivyofanya mkewe.

"We mgomba," alisema, "sikujua kwamba alikuwa akisikilizwa vizuri hivyo." Akakaza mikono kwenye machela. "Hata hivyo hulali naye. Hujui anavyolala."

"Utaniambia," alisema Lusweti. "Nitamlaza kama utakavyosema."

"Si jambo la kuambiwa."

Wakati huo Nelima aliingia majini. Alikuwa msichana mkubwa, mrefu kama mama yake, na macho yake yalikuwa yamevimba. Alishika nyuma ya machela, pale majirani walipoachia, akainua. Sasa Nabwile alikuwa juu ya jiwe lakini hakuligusa.

"Mwalimu," alisema Nelima, "hapo uliposimama ndipo uliponibatiza."

"Ndipo."

"Uliponizamisha ulitamka nini?"

Murunga alirudi nyuma hatua moja.

"Ulitamka kwamba nimekufa pamoja na Bwana, nimezikwa pamoja naye. Ulisema kwa mfano?"

"Mimi sisemi kwa mfano."

"Basi mimi ni mfu. Khaemba ni mfu. Na wewe, na hawa wote wanaotetemeka ukingoni. Tumekuwa wafu tangu tulipotoka katika maji haya. Yeyote kati yetu anaweza kumzika mama, na akimaliza arudi nyumbani akale, maana anarudi kwa wafu wenzake."

Murunga aliinua uso haraka, kama mtu aliyeona upenyo. "Nilisema pia kwamba umefufuka."

"Lusweti naye alirudi kutoka kwa wafu, msumeno begani," alisema Nelima. "Hamkumhesabia kwamba amefufuka. Mlimhesabia kifo tu. Nihesabieni na mimi hivyo hivyo. Nimetoka katika mwili wa mama. Nimtie mimi ardhini, kisha nirudi na Khaemba nyumbani. Nimeshampoteza mmoja. Sitaki wa pili avuke akiwa anapumua."

Halafu bibi mmoja, Nasimiyu, akaanza kusogea mbele, akiwatenganisha watu kwa viwiko.

"Mwanangu mdogo nilimwacha juu ya jiwe hili," alisema. "Nilirudi bila kutazama nyuma, kama mlivyoniambia. Sasa mnaniambia ningeweza kuvuka naye? Ningeweza kumfunika, nikarudi nikapika?" Bibi Nasimiyu akaketi majini na nguo zake zote, maji yakampita kiunoni.

Murunga alimtazama yule bibi kwa muda mrefu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamshwa.

"Nitakayempa ruhusa leo ndiye atakayekuwa desturi yetu kesho," alisema. "Nikimpa Lusweti, nimelishika andiko la wafu kama tulivyolishika siku zote, na Khaemba atageuka na kumwacha mkewe mikononi mwa mwingine. Nikimpa Khaemba, nimelishika andiko la ndoa, na kuanzia leo kila mjane na kila mgane atavuka na maiti yake, na watoto watabaki upande huu peke yao. Nikimpa Nelima, nimelishika andiko la ubatizo, na hakuna atakayevuka bila kurudi. Lakini hapo Lusweti alikaa kimya bure miaka yote ile, na Nasimiyu aligeuka bure, na mimi niliyewaambia wageuke sijui nitasimama wapi." Alifuta uso kwa kiganja kilicholowa. "Maandiko yote matatu yamesimama. Siwezi kupunguza hata moja. Nisaidieni."

Aliwageukia watu wa kijiji. Watu wa kijiji walitazama maji.

Basi mambo yapo hapo. Ukungu haujapanda. Ng'ambo amesimama Lusweti, ambaye vinywa vya watu vilimwua, naye akakubali ili amzike mama yake, akafunga mdomo ili mwanamke mmoja aendelee kuzungumza. Nyuma ya machela amesimama Nelima, ambaye anataka kumlaza aliyekufa na kumrudisha nyumbani aliye hai. Mbele amesimama Khaemba, ambaye haombi jambo kubwa: anataka kumgeuza mkewe ubavu wa kushoto, amkunje goti, amtie mkono chini ya shavu, na kwa hilo yuko tayari kutosikia sauti ya binti yake tena maisha yake yote.

Kila mmoja ameshika Neno, na hakuna aliyelipotosha. Machela imekuwa nzito mikononi mwa Khaemba, na bado hataki kumteremsha juu ya jiwe. Semeni upesi, ninyi mnaosikiliza: je, ni nani aliyestahili kumzika Nabwile?