Kona ya Juu ya Karatasi

Wapendwa, leo sina mfano wa kuwachekesha. Mlioacha maharage jikoni mtanisamehe, nitasema kwa kifupi.

Alikuwepo mwalimu mmoja wa kwaya, mtunzi wa nyimbo. Ninyi wanakwaya mnajua karatasi ya nota inavyoandikwa: jina la wimbo katikati, na kule juu kabisa, kona ya kulia, jina la mtunzi. Basi mwalimu huyu alikuwa na wivu na ile kona. Kwaya yoyote ikishika wimbo wake, yeye hasikilizi sauti kwanza, anatazama kule juu. Akikuta jina halipo, wimbo huo hauimbwi siku hiyo.

Alipostaafu akaandika na kitabu cha maisha yake. Kitabu kizuri, msidhani nakibeza. Alieleza alivyolala njaa, alivyofundisha bila kinanda, alivyozunguka vigango saba vya parokia kwa miguu. Kilikuwa na sura nzima kuhusu unyenyekevu. Ndiyo, unyenyekevu! Na kwenye jalada, jina lake lilikuwa na herufi kubwa kuliko jina la kitabu.

Nyimbo zake zilikuwa nyingi, ila mmoja ndio uliompa sifa, nao ulikuwa wa mazishi. Kitabuni alieleza ulivyomjia. Mtoto wao wa kwanza alishikwa na homa wakati wa masika, mto umefurika, hospitali iko ng'ambo. Siku mbili wakangoja maji yapungue. Hayakupungua. Mtoto akafia mikononi mwa mama yake. "Katika uchungu ule," aliandika, "Mungu alinipa wimbo." Watu walisoma pale wakalia.

Miaka ikaenda, mke wake naye akafariki. Alikuwa mama mkimya, kijiji kizima kilimwita mke wa mwalimu. Kwaya ya kigango cha jirani ikaja kusaidia kuzika. Wakagawana karatasi, wakaanza ule wimbo, na walivyouimba, hata wachimba kaburi waliweka majembe chini.

Mwalimu alikuwa amekaa kando ya jeneza. Mwanakwaya mmoja alisimama karibu naye, na macho ya mwalimu yakaangukia karatasi aliyoishika. Kule juu, kona ya kulia, hapakuwa na kitu. Ilikuwa kopi ya kopi, na kila ilipotolewa mashine ilikula ukingo wa juu kidogo, mpaka jina likaisha lote.

Je, ingekuwa wewe? Mke wako yuko ndani ya sanduku. Ungenyamaza, sivyo? Yeye alisimama, akainua mkono, kwaya ikakatika katikati ya ubeti.

"Jina la mtunzi liko wapi?"

Kiongozi wa kwaya, binti wa watu, akaona aibu. "Tusamehe, mwalimu. Tulipewa hivihivi. Hatukujua ni wa nani."

"Wimbo wangu, kwenye msiba wangu, mnasema hamkujua ni wa nani?"

Hapo dada mkubwa wa marehemu, bibi aliyekuwa ameketi mkekani na akina mama wenzake, akasema bila kupandisha sauti: "Shemeji, waache waimbe. Mwenye wimbo yumo humo ndani."

"Unasemaje?"

"Nilikuwepo mto ulipofurika. Mdogo wangu ndiye aliyemwimbia mtoto siku zile mbili, maneno hayohayo, sauti hiyohiyo. Wewe ulikaa mlangoni na daftari. Mtoto anakata roho, wewe unaandika. Nilidhani ipo siku utamwambia neno. Ulimwambia?"

Mwalimu akaketi tena kando ya jeneza. Alikumbuka vizuri sana, kwa maana hakuwahi kusahau, alikuwa amezoea tu. Alimkumbuka mkewe akiipokea karatasi ya kwanza ya wimbo ule. Aliisoma yote, akaitazama ile kona, akamrudishia, akachukua ndoo akaenda kuteka maji. Hawakulizungumza tena.

Baada ya mazishi alifungua kitabu chake, akaanza kumtafuta mkewe ukurasa kwa ukurasa. Alimkuta mara mbili. Penye kifo cha mtoto aliandikwa "mama yake". Penye shukrani, "mke wangu, kwa uvumilivu wake". Jina halikuwepo popote.

Basi akaitoa karatasi ya kwanza kabisa ya wimbo, akakwangua jina lake kwa wembe. Alipotaka kuandika la mkewe, kalamu ikasita. Miaka arobaini na mitano alikuwa hajalitamka. Akaliandika, herufi moja moja, akaenda kwenye kibanda cha fotokopi atoe nakala za vigango vyote.

Dada wa mashine akamtolea ya kwanza. Maneno yapo, nota zipo. Kule juu, kona ya kulia, peupe.

"Binti yangu, jina limekatika."

"Ndivyo mashine yetu ilivyo, babu. Kule juu haifiki. Lakini wimbo si umetoka wote?"

Mzee yule akaketi kwenye ngazi ya kibanda akalia, kilio ambacho makaburini hakukilia. Alitaka kuomba msamaha, na wa kumwomba alikuwa chini ya udongo.

Najua mnangoja niwape faraja hapa mwishoni. Leo sinayo. Sisi tunaomba tukumbukwe, tunaandikisha majina yetu kwenye mawe ya msingi na kwenye viti vya kanisa, tena tunahesabu na shida zetu kama sifa. Tuulizane basi: shida ile ulipitia peke yako? Nani aliimba, wewe ukaandika? Tunalia jina letu likikatwa, na sisi wenyewe tumekata majina ya watu maisha yetu yote.

Wala msimcheke mwalimu. Nimewasimulia habari za mama huyu tangu mwanzo, nikamzika mbele yenu, na jina lake sikulitaja. Yuko mmoja wenu hapa aliyejiuliza anaitwa nani? Mimi niliyetunga mfano sikumpa hata jina.

Nendeni nyumbani. Aliyekupikia asubuhi hii ana jina. Kama bado anakusikia, mwite.